Rangi ya Mlango Wangu

Saa zetu sisi wasema Kiswahili hazidanganyi:
jua likichomoza ni saa kumi na mbili,
likizama ni saa kumi na mbili tena.
Katikati ndipo mchana. Hakuna mwingine.
Na hapa Jinja, ambapo mwezi wa sita haujui kurefusha siku
wala wa kumi na mbili kuifupisha,
kiwanda kilipiga king'ora alfajiri,
kikaingia na mchana wote ndani, kikafunga lango,
jioni kikatutemea maganda.

Mimi mfumaji, chumba cha pili, mitambo sita.
Mwezi ule wa oda ya sare za shule
hata Jumapili ilifumwa.
Ndipo nilipompa Mugoya shilingi nne na kopo la rangi,
aliyopata kwa bei ya kutupa, hata hatukufungua kuitazama,
apake mlango wangu kule Walukuba.
Akaniambia amepaka.
Usiku niliunusa. Kwa kibatari ulikuwa mweusi,
alfajiri nikitoka, mweusi.
Wiki tatu nilifungua na kufunga
mlango ambao rangi yake siijui.

Wapo wanaosema tuligoma kwa uvivu.
Waje wasimame nasi saa ya kumi na moja,
saa ambayo uzi hukatika wenyewe,
vidole vinaijua njia lakini macho yameshalala.
Saa hiyo ndiyo iliyomla Adriko kidole,
wala si ya pili, wala si ya tatu.
Nesi wa zahanati alikuwa na daftari,
na daftari halikuwa na chama:
majeraha yote yamerundikana chini ya ukurasa, jioni.
Ojambo aliyanakili kwa penseli nyuma ya pakiti ya sigara.
Silaha yetu ilikuwa hiyo pakiti.

Baba yangu aliilima pamba hii hii, Kamuli,
tena kwa amri, tena kwa bei ya kuliza.
Lakini jembe lilijua adhuhuri.
Jua likikaza, liliegemea mti, naye akaegemea.
Mtambo hauna adhuhuri.
Ndani tulisomana midomo kwa ule mshindo,
nje tukapayuka kama wagomvi,
hata Naigaga mke wangu akauliza, "Nani kakuudhi?"
Hakuna. Nimeomba chumvi tu.

Meneja alituita watano.
Akauliza kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli:
"Mkipewa hizo saa mbili, mtazifanyia nini?"
Ojambo, aliyekesha akikariri hoja, alikauka.
Wabwire wa kusokota akasema, "Kulala."
Namusoke wa kupiga pasi akasema,
"Ukinipa mshahara, huniulizi nanunua nini."
Nami, bila kupanga:
"Nataka kuona rangi ya mlango wangu."
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Siku tisa mitambo ilinyamaza.
Miaka minne nimeishi Jinja;
ndipo nikasikia, nikiwa pale langoni,
kwamba mto una sauti.
Njaa nayo ina sauti, tuliisikia pia.
Siku ya kumi wakatupa saa moja.
Mbili tuliomba. Moja.

Nikatoka saa kumi na moja, jua bado liko begani,
nikakata vichochoro vya Walukuba nikihesabu milango,
maana kwa mchana nilikuwa siifahamu nyumba yangu.
Buluu!
Buluu ya wino wa shule,
na yule mwizi Mugoya hakupaka chini kabisa.
Kizingitini ameketi mwanangu Tenywa, anakula muhogo.
Akanitazama, mtu mwenye nyuzi nyweleni,
akasema kwa adabu, kama alivyofunzwa na mama yake:
"Baba hayupo. Yuko kazini. Uje usiku."

Nikaketi kando yake, akanimegea muhogo,
tukamngoja.